Wekundu wa Mkorofi

Mume wangu ni kinyozi, na watu wote wanamwita Mashine, hata mimi niliyemzalia watoto. Jina lilitokana na ile mashine yake ya kunyolea ambayo hainyamazi tangu asubuhi hadi jioni, lakini mimi nasema linamfaa kwa sababu nyingine: ukishamwasha, huyo hazimiki. Ana ugonjwa mmoja usio na dawa. Hawezi kuona upande mmoja umezidi mwingine akatulia. Mezani atasogeza kikombe mpaka kikae katikati ya sahani. Nikishona pazia, kabla hata sijalipiga pasi, yeye ameshaliinamia analipima pindo kwa jicho. Siku ya harusi yetu, mpiga picha akiwa tayari na watu wamejipanga, alichomoa kitana mfukoni akaanza kumlainisha ndevu mpambe wake. Nilicheka hadi machozi.

Ugonjwa wake wa pili ni ulimi. Hajawahi kumwambia mteja kwamba hakupendeza. Mtu atatoka kwenye kile kiti kichwa kimekaa kama nazi iliyokunwa vibaya, Mashine anamshikia kioo nyuma na kumwambia, "Bosi, leo watakukimbilia." Kuvika watu vilemba vya ukoka ndiyo kazi yake, na kunyoa ni ya ziada tu. Nimeishi naye miaka mingi na nampenda, lakini wapo watu ambao upendo wao ukikufika unatamani wangekuchukia kidogo.

Mama yangu alihamia kwetu baada ya baba kufariki. Alikuja na sanduku, birika lake, na kitu kilichofungwa kwenye gunia lililolowa. Nilidhani ni kuku. Alipofungua, nikaona kijiti cheusi chenye mizizi na miiba.

"Mama, umebeba miiba safari yote hii?"

"Huyu si miiba," akasema. "Huyu ni Mkorofi."

Jina lake hasa ni mkwinsi wa maua, na wengi hawaujui. Ni kichaka chenye matawi yaliyosokotana kama waya wa uzio, miiba mirefu, na matunda magumu yanayonukia vizuri lakini ukiyauma utajuta. Kinachofanya watu waupande ni maua. Baridi inapoanza kulegea, kabla jani lolote halijatoka, vile vijiti vinavyoonekana vimekufa vinapasuka maua mekundu, yamegandia kwenye tawi lenyewe bila kikonyo cha maana. Mama alitunza bustani ya chuo cha ualimu kwa muda wote wa kazi yake, na pale chuoni walikuwa na uzio mzima wa mikwinsi. Alipostaafu hakuomba zawadi ya saa ya ukutani kama wenzake. Aliomba chipukizi la mzizini, akalipanda nyumbani kwake, na lile alilotuletea lilikuwa mtoto wa hilo.

Alimpanda Mkorofi kando ya njia, kati ya lango na mlango wa mbele, mahali penye jua. Nyumba yetu si kubwa. Chumba cha mbele ni changu na cherehani yangu, nashona mapazia na sare za shule. Kibanda cha Mashine kipo pale langoni, kinatazama barabara. Katikati ndipo ilipo bustani, kama unaweza kuiita bustani, na Mkorofi alipashika kama mwenye hati ya kiwanja. Alikua haraka.

Mama alitukalisha akatufundisha, mimi na Mashine. "Mkorofi hachanui kwenye tawi la mwaka huu," alisema. "Anachanua kwenye tawi la mwaka jana. Vichwa vya maua vinajificha humo muda wote wa baridi. Kwa hiyo ukitaka kumpunguza, subiri maua yaanguke, mkate, halafu muache. Ukimkata kabla, umekata maua yote na hujayaona."

Mashine aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi bora. Baridi ilipokuja, wateja wakapungua, akawa hana kazi, akakaa kibandani anatazama bustani. Mnaona wenyewe yalikoelekea. Nilirudi kutoka sokoni nikakuta Mkorofi amenyolewa duara safi. Akasema alisahau. Mwaka uliofuata akasema hakusahau, ila aligusa ncha tu. Ncha ndizo zilizokuwa na maua. Mama alicheka mara zote mbili. "Mwaka ujao upo," alisema.

Halafu macho yake yakaanza.

Kwanza alikuwa anamimina chai nje ya kikombe. Kisha akaanza kugonga fremu za milango kwa bega. Nikampeleka kwa daktari wa macho, mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini, akampima kwa taa na vyombo vyake na kusema ni presha ya macho, imeshakula mishipa, na iliyoliwa hairudi. Alimpa dawa ya matone ya kupunguza kasi. Mwisho akatoa kifuniko chekundu cha chupa akamshikia mbele ya jicho moja, kisha jingine.

"Hiki ni chekundu?"

"Chekundu."

"Vizuri. Kwako wewe nyekundu ndiyo itakayotangulia kupauka. Haiondoki yote siku moja. Hapa utaiona, pale huioni. Ukianza kuona kitu chekundu kimepauka, uje."

Pale ukumbini alinivuta kando akaniambia kwa sauti ya chini zaidi kwamba siku nyekundu itakapopauka, nijiandae, kwa sababu baada ya hapo huwa si muda mrefu. Nilimshukuru. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake.

"Kilichoharibika ni macho," alisema. "Masikio ni mazima."

Hakulia. Tuliporudi nyumbani alisimama njiani mbele ya Mkorofi, ambaye wakati huo alikuwa na majani tu, akamshika tawi kama anavyoshikwa mtoto sikio. "Nataka nimwone akiwa mwekundu," aliniambia. "Mara moja tu. Nikishamwona nitakuwa na cha kukaa nacho humu kichwani. Baada ya hapo ikija, ije."

Mimi si mtu wa viapo, lakini siku ile niliapa. Nilimfuata Mashine kibandani, mteja akiwa kwenye kiti na povu shingoni, na nikamwambia mbele ya huyo mteja kwamba mwaka huu akiugusa ule mti, atatafuta mahali pengine pa kulala. Mashine akasema, "Mke wangu, mimi? Kwa mama? Hata upepo sitauruhusu umguse." Nikachukua mkasi wa bustani nikaufungia kwenye sanduku langu la vitambaa.

Na kweli alijizuia. Baridi yote alijizuia. Nilimwona akikaa kibandani ameipa bustani mgongo, kiti amekigeuza, maskini, ili asione matawi yalivyochomoza huku na huku. Mkorofi akawa na kichwa kama mtu aliyeamka na homa. Na kwenye matawi yale ya mwaka jana, vichwa vya maua vikaanza kuvimba, vidogo, vigumu, kama punje za mtama. Kila asubuhi mama alitoka na kanga begani, akapapasa. Hakuhitaji macho kwa hilo. Alirudi na vidole vimechomwa, anacheka.

"Bado," ananiambia. "Lakini amekasirika vizuri. Atachanua."

Nilikuwa na furaha wakati ule. Niseme tu wazi. Nilikuwa nashona naimba.

Asubuhi moja nikaenda kupeleka sare shuleni. Mwalimu mkuu alitaka kuhesabu suruali moja moja, nikachelewa. Narudi, nafungua lango, naona kwanza mkasi wangu. Si ule wa bustani, ule ulikuwa sandukuni. Ni mkasi wangu wa kukatia vitambaa, ambao hata karatasi haikatwi nao nyumbani kwangu, upo chini, umefunguka, makali yote yamepinda. Kisha nikaona rundo la matawi. Kisha nikamwona Mkorofi.

Alikuwa mviringo. Alikuwa safi kama kichwa cha bwana harusi.

"Nisikilize kwanza," alisema Mashine. Mikono yake ilikuwa inatoka damu kote. "Nisikilize. Mama alikuja kupapasa, tawi likamrudia, mwiba ukamchana hapa." Alijigusa chini ya jicho. "Damu ilitoka, mke wangu. Chini ya jicho kabisa! Ningeacha? Jicho lenyewe ndilo hilo hilo! Nikakata lile tawi tu. Moja, wallahi, moja."

"Na mengine?"

Aliutazama mkasi pale chini.

"Na mengine, Mashine?"

"Upande mmoja ukawa chini," alisema. "Nikasema nisawazishe huku kidogo. Huku nako kukapita. Nikarudi kule..." Akafungua mikono. "Nilikuwa nasawazisha tu."

Sikumpiga. Nilimwangalia nikaona anasema kweli, na hilo ndilo lililonimaliza. Angefanya kwa ubaya ningejua pa kupeleka hasira yangu. Alimwokoa mama jicho, halafu mikono yake ikaendelea yenyewe kama inavyoendelea kwenye kichwa cha mtu, huku, na huku, mpaka pakawa hapana kitu.

Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, pamba imebandikwa shavuni. Aliinuka, akaenda mpaka kwenye kichaka, akampapasa Mkorofi tangu juu hadi chini, taratibu, kila tawi. Alikuwa anatafuta hata kichwa kimoja cha ua. Alipofika chini alijifuta mikono kwenye kanga.

"Mwaka ujao," nilimwambia. Sijui kwa nini nilisema vile.

"Ndiyo," alisema mama. "Mwaka ujao." Akaingia ndani.

Tangu siku hiyo hakutoka tena nje. Chai alikunywa kwa sababu niliishika. Nilipomletea dawa ya matone alifumba macho. "Ya nini?" aliuliza, si kwa hasira. "Unazuia mvua kwa ungo, mwanangu." Nilimshika kichwa nikamtia kwa nguvu, kama mtoto, naye akaniacha nimtie, matone yakamtiririka mashavuni, na mimi yangu yakanitiririka. Nilikuwa nimebanwa pande zote. Usiku na mchana nilikuwa nikitafuta mlango na nikigonga ukuta.

Nikamkumbuka muuza maua. Kuna mwanamke anakaa karibu na lango la hospitali, anauza maua ya kupelekea wagonjwa, tunajuana kwa sababu nilimshonea mwavuli wake ulipochanika. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza huku akichambua majani.

"Matawi umeyachoma?"

"Bado yapo kwenye rundo."

"Basi unalia nini? Chukua yale yenye vichwa vilivyovimba. Ponda ncha kwa nyundo, yakae kwenye maji ya uvuguvugu, ubadilishe maji, uyaweke mahali penye joto. Tawi halijui kama limekatwa. Litachanua."

Litachanua! Nilikimbia barabarani na sketi yangu nimeishika mkononi kama msichana. Mashine alikuwa tayari amelifunga rundo kamba alitupe. Nilimpokonya. Nikachagua matawi, miiba ikinila mpaka kwenye viwiko, nikayaponda ncha kwenye ngazi ya nyuma, nikayatia kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu.

Mama sikumwambia. Nilifikiri hivi: akitumaini tena, halafu yasichanue, nitakuwa nimemuua kwa mikono yangu. Kwa hiyo niliificha ndoo kwenye stoo, kile chumba kidogo kisicho na dirisha kilichopakana na jiko. Ukuta wake hupata joto la jiko siku nzima. Nikafunga mlango, nikabadilisha maji kila asubuhi mama akiwa bado kitandani. Mashine nilimwambia asikaribie stoo hata kama nyumba inaungua. Alitii. Alikuwa amekonda kwa aibu, hata wateja walimuuliza kama anaumwa.

Vichwa vya maua vikaendelea kuvimba. Nilikuwa naingia mle stoo nimewasha simu inimulikie, natazama, natoka roho juu. Na mama kule chumbani alikuwa akizidi kujikunja. Aliacha kuniuliza habari za shule. Aliacha kumtania Mashine. Nilikuwa nashona naharibu, nafumua, nashona tena naharibu.

Asubuhi moja nikafungua mlango nikakuta yamefunguka.

Nilitoa ndoo mbiombio nikaiweka juu ya meza ya jikoni, kwenye mwanga, nipate kuyaona vizuri. Nikayaona. Yalikuwa meupe.

Si meupe pee kama chumvi. Yalikuwa na weupe wa kitambaa chekundu kilichosahauliwa kwenye dawa ya madoa, kwa mbali sana unahisi kwamba hapo zamani palikuwa na rangi. Ua baada ya ua, tawi baada ya tawi. Nilisugua petali kwa kidole kama mjinga. Niliwaza rangi ya kutilia vitambaa, nikawaza wino. Kuna vichwa vingine vilikuwa bado vimefumba, na nikasema labda hivyo, labda kuna kitu cha kufanya. Nikajitupia kanga kichwani nikatoka. Mama alikuwa kitandani, mlango wake umefungwa. Ndoo niliiacha pale mezani. Haraka ndiyo iliyoniweka pabaya, au sijui niseme nini.

Muuza maua aliniangalia. "Uliyaweka wapi?"

"Stoo. Penye joto, kama ulivyosema."

"Gizani?" Alipiga ulimi. "Joto linafungua, lakini rangi inaletwa na mwanga. Ua la gizani hutoka jeupe, hata liwe la mama gani. Haya, usikate tamaa. Yaliyobaki yaweke dirishani, yatakuja na wekundu wake kiasi. Hayatafikia ya nje, lakini yatakuja."

Nilirudi nikiwa mtu mwingine. Njiani nilipitia nguo za kushona kwa mteja, nikazitia kapuni, nikaingia nyumbani nikiwa nimeshapanga kila kitu: dirisha la chumba cha cherehani, jua la asubuhi, siku chache tu.

Mama alikuwa amekaa jikoni. Alikuwa amefuata harufu, nadhani, au alitaka maji. Ndoo ilikuwa mbele yake, na tawi moja alikuwa amelishika karibu kabisa na uso wake. Mikono ilikuwa imetulia. Uso wake sikuwahi kuuona vile, hata siku ya kumzika baba.

"Umefanya hivi kwa ajili yangu," alisema.

"Mama, subiri nikueleze..."

"Asante, mwanangu. Ni Mkorofi, namjua kwa miiba." Aliligeuza tawi. "Ila nyekundu imeondoka. Namwona mweupe."

"Mama, ni meupe! Ni meupe kweli! Mimi mwenyewe nayaona meupe!"

Aligeuza uso akanitazama, na akatabasamu. Lile tabasamu ndilo sitaki kulikumbuka. Ni lile alilokuwa akinipa nikiwa mdogo nikimwambia sukari nimekula kidogo tu.

"Mkorofi hajawahi kuwa mweupe," alisema. "Nimeishi naye maisha yangu yote."

"Niliyaweka stoo, gizani. Ndiyo maana. Nimetoka sasa hivi kwa muuza maua, yeye ndiye kaniambia, ua la gizani hutoka bila rangi. Mama, naapa!"

"Chuoni hatukuwahi kumweka gizani."

"Ndiyo sababu hujui!"

"Ndiyo," alisema kwa upole. "Ndiyo, mwanangu."

Nilikimbilia chumba cha cherehani nikaleta kidonge cha uzi mwekundu, nikamwekea mbele ya macho. "Huu?"

"Mwekundu."

"Umeona! Nyekundu unaiona!"

"Huo nauona. Maua siyaoni. Daktari alisema nini? Hapa utaiona, pale huioni." Aliusukuma uzi taratibu kwa kidole. "Usihangaike kunipima. Umeshafanya mengi."

Kila nilichosema kilikuwa kweli, na kila kweli ilitoka mdomoni mwangu ikiwa na sura ya uongo wa kumbembeleza mgonjwa. Nilihitaji mtu mwingine. Mtu yeyote asiyejua tunazungumza nini, aingie, atazame, aseme rangi. Nikafungua dirisha nikapiga kelele kuelekea kibandani.

"Mashine! Njoo hapa! Njoo upesi!"

Akaja mbio, mashine yake bado mkononi, nywele za mteja kwenye vidole. Akasimama mlangoni. Nikamwonyesha ndoo.

"Mwambie mama. Maua haya ni ya rangi gani?"

Sasa jiweke mahali pake. Alimwona mama na macho yaliyolowa. Aliniona mimi nimemtolea macho, namuomba kwa uso wote. Aliona maua ambayo aliyaua kwa mkono wake yakiwa mezani yamefunguka. Tangu siku ile ya mkasi hakuna mtu aliyempa nafasi ya kutengeneza chochote. Nilimwona anavuta pumzi, nikaielewa ile pumzi, ni ile anayovuta kabla ya kumshikia mtu kioo. Nilifungua mdomo nimzuie.

"Mekundu, mama!" alisema. "Mekundu moto! Yaani yanawaka!"

Bomba lilikuwa linadondosha maji kwenye sufuria.

"Mashine," nilisema. "Sema kweli."

"Kweli kabisa. Mekundu. Sijawahi kuona—"

"Sema kweli, mume wangu! Meupe! Ni meupe!"

Alinitazama, akamtazama mama, akayatazama maua. Nilimwona anaelewa, polepole, na uso wake ukiporomoka kipande kwa kipande. "Meupe," alisema. "Mama, nilisema uongo. Ni meupe. Nilitaka tu... Ni meupe, mama. Haki ya Mungu."

Mama alicheka kidogo. Alinyoosha mkono akampapasa Mashine kwenye kiganja, juu ya makovu ya miiba.

"Na wewe usikubali kufundishwa, mkwe wangu," alisema. "Ulichosema kwanza kilitoka moyoni."

Mashine akapiga magoti pale sakafuni. Akasema yote, kwa kujichanganya, kwamba yeye husema hivyo kwa kila mtu, kwamba hata vichwa vilivyoharibika huwaambia vimependeza. Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa kama anayesikiliza mvua. Alilirudisha tawi ndani ya ndoo kwa uangalifu, akatafuta nafasi kati ya mengine.

Nikamwambia kuna vichwa bado vimefumba, nitaviweka dirishani, vitakuja na rangi, atasubiri siku chache tu, tafadhali mama, siku chache. Akasema sawa. Aliposema sawa nikajua hatatazama.

"Nishike mkono," aliniambia. "Unipeleke chumbani."

Asubuhi ile alikuwa ametoka chumbani peke yake, akapita ukumbini, akafika jikoni, akapata kiti. Nilimshika. Alifungua kiganja kingine akakiweka ukutani, vidole vimetanuka, akaanza kutembea kwa hatua fupi za kuburuza, uso umeinuka kidogo juu, kama walivyo vipofu niliowaona kwenye benchi la kliniki. Alikuwa amewatazama vizuri kuliko nilivyodhani. Nyuma yetu Mashine alikuwa bado anaongea.

Katikati ya ukumbi mama aliinua mguu, akaliruka kapu la nguo, akauteremsha upande wa pili bila kuligusa.

Nikasimama. "Mama! Umeliona kapu!"

"Nalijua lilipo," alisema, na akaendelea kupapasa ukuta.

Kapu nilikuwa nimeliweka pale muda ule ule nilipoingia, mama akiwa tayari jikoni.